Ndio, Niko kwa Chama cha Kushona Blanketi. Na Wewe Uko Wapi?

Wasee, wacha tuongee hii maneno mara moja tumalize.

Juzi niliweka picha ya blanketi yangu ya kwanza. Nilichukua miezi saba kuimaliza. Komenti ya kwanza: "Buda, umegeuka shosho." Ya pili: "Unauza ngapi?" Ya tatu ilitoka kwa mtu nilisoma naye: "Kwani hii ndio uliachia chuo?"

Nilikuwa nifute niendelee na maisha. Lakini nimezisoma tena na tena, na naona hizo komenti tatu zimebeba ugonjwa wote wa rika letu. Kwa hivyo nitazijibu moja moja, na ukikasirika, kasirika ukiwa umesoma hadi mwisho.

Kwanza, nieleze tunafanya nini, juu wengi mnadhani tunakaa tukisuka masweta. Tunashona blanketi za viraka. Unakata vipande vya kitambaa, unaviunga vinakuwa uso wa juu. Chini yake unaweka pamba, chini kabisa kitambaa cha nyuma, halafu unashona zote tatu pamoja, mstari kwa mstari, hadi zishikane. Kamusi ina jina lake, mfarishi, lakini hebu sema mfarishi kwa steji ya matatu uone vile utaangaliwa.

Tuko watu 16. Tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kwa ukumbi nyuma ya kanisa moja upande wa Ngong Road. Ada ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukichelewa, faini 50. Kuna nesi aliyestaafu, kuna msichana anasomea sheria, kuna mathe anauza mitumba Toi, na kuna fundi wa Kawangware ambaye akiangalia mshono wako akanyamaza, ujue umeharibu. Wanaume tuko wawili.

Sasa komenti ya kwanza. Shosho.

Fundi aliyekushonea suti ya arusi ya kaka yako alikuwa nani? Mwanaume. Wale wamejipanga na cherehani kwa veranda za mtaa wako, wanapunguza jinzi na kubadilisha zipu, wengi wao ni kina nani? Wanaume. Hakuna siku umeenda kumwambia fundi amegeuka shosho. Kumbe tatizo lako sio sindano. Mwanaume akishona alipwe, ni fundi. Akishona juu anapenda, akikaa na wamama wakicheka na kunywa chai, hapo ndio unaona aibu. Hiyo aibu ni yako, ibebe mwenyewe.

Na hata kama ni mambo ya kina shosho, shida iko wapi? Vile vitambaa vya sofa nyumbani kwenu, vyenye ukikalia vikisonga unapigiwa kelele, mtu alikaa jioni nyingi akivifuma. Ulikua ukiviona kila siku na hukuwahi kumuuliza alijifunzia wapi. Mimi pia sikuuliza. Shosho yangu alienda na hiyo elimu yote, na mimi nilikuwa kwa simu.

Kuna mwingine alisema hii ni mambo ya wazungu. Skiza. Kule Karnataka, India, kuna jamii ya Wasiddi. Mababu zao ni Waafrika waliovushwa bahari, wengi wakiwa watumwa, na wengine walitoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Wanawake wa Kisiddi hushona blanketi kwa nguo zilizochakaa, na huziita kawandi. Wanaanza pembeni, wanazunguka, hadi wanafika katikati. Kwa kila kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Bila hayo maua, kwao blanketi iko uchi. Sasa niambie tena mzungu ako wapi kwa hiyo hadithi.

Komenti ya pili: unauza ngapi?

Hii ndio inaniuma zaidi, juu mimi mwenyewe ndio nimewafundisha hiyo lugha. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia hapa mgeuze kila kitu pesa. Unapika? Rekodi. Unacheza? Rekodi. Umeachwa? Rekodi ukilia. Na hivyo ndivyo niliingia kwa hiki chama. Sikuenda kujiunga. Nilienda kutafuta kontenti.

Nilifika na simu na taa yangu ndogo. Nikapiga video za mikono, za cherehani, za wamama wakicheka. Kwa kona moja kulikuwa na mama anashona blanketi ya mashati ya wanaume, haijaisha, nyuzi zinaning'inia. Nikaona inachekesha. Nikaipiga karibu, nikaweka muziki wa vichekesho, nikaandika kitu kuhusu mzee kufukuzwa na nguo zake kukatwakatwa. Ile video ilienda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Siku tatu nilikuwa najiona nimetoka.

Yalikuwa mashati ya kijana wake. Alizikwa mwaka uliotangulia.

Nilijua hayo juu yule msichana wa sheria alinitumia ujumbe, mistari miwili tu. Nilifuta video, lakini ilikuwa imeshapakuliwa na kurudiwa mahali sijui. Jumamosi iliyofuata nilirudi bila taa. Nilisimama mbele ya wote nikaomba msamaha, sauti ikikwama. Yule mama hakunitusi. Alisema tu, "Kijana, hukuniuliza." Halafu akasukuma kiti, akanipa kisu kidogo cha kufumua na kipande cha mshono uliopinda. "Fumua hii. Polepole, usikate kitambaa."

Nilifumua saa mbili. Hiyo ndio ilikuwa ada yangu ya kuingia, sio zile 300.

Kwa hivyo ukiniuliza nauza ngapi, jibu ni siuzi. Sio ati kuuza ni dhambi. Yule mathe wa Toi huuza zake, na namshangilia. Nasema lazima uwe na kitu kimoja kwa maisha yako ambacho hakina bei, hakina kamera, na hakipimwi na watazamaji. Kama kila kitu unachogusa kinakuwa bidhaa, basi na wewe ni bidhaa. Na siku soko likikuchoka, hutakuwa na mahali pa kukaa.

Kuna mtu atasema, "Bro, hiyo ni starehe ya watu wamejipanga, sisi tunatafuta unga." Sawa, nakuheshimu, hata mimi natafuta. Sina cherehani, natumia ya chama. Blanketi yangu ni mashati ya mitumba na mabaki ya kitenge niliomba kwa fundi. Lakini usiniambie kushona pamoja ni anasa, juu historia itakuaibisha.

Kuna kijiji Alabama, Marekani, kinaitwa Gee's Bend, kimezungukwa na mto pande tatu. Watu wake ni vizazi vya watumwa waliolimishwa pamba hapo hapo. Wanawake walishona blanketi kwa jinzi na nguo za shamba zilizoisha, juu nyumba zilikuwa zinaingiza baridi. Mwaka wa 1962, watu weusi walipokuwa wanaanza kudai kura, feri ya kuvuka kwenda mjini ilisimamishwa. Haikurudi hadi 2006. Wewe unalia bando imeisha.

Mwaka wa 1966 wanawake wa hiyo kaunti waliunda ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee. Waliuza blanketi, wakanunua ardhi, wakajenga karakana yao, na wakauzia ploti familia zilizofukuzwa kwa mashamba juu zilijiandikisha kupiga kura. Unaelewa? Chama cha sindano na uzi kiliwapa watu mahali pa kulala baada ya kufukuzwa. Mwaka wa 2002 blanketi za Gee's Bend ziliwekwa kwa makumbusho ya sanaa Houston, baadaye New York, watu wakasimama mbele yake kama mbele ya michoro mikubwa. Zilitengenezwa na watu hawakuwa na kitu. Kwa hivyo hiyo ya "tukipata pesa kwanza" wachana nayo.

Na nyinyi vyama vya mafundi wa maringo, mnaotoza ada ya kumtisha kijana na kumwangalia vibaya juu kitambaa chake hakikutoka ng'ambo, hii inawahusu pia. Mkibaki na watu wa rika moja na mfuko mmoja, mtazeeka mkizikana, na hakuna mtu wa kuachiwa mkasi.

Komenti ya tatu. Chuo.

Ndio, niliacha. Mwaka wa pili. Karo ilikataa, halafu na mimi nikakataa. Sitawadanganya ati kuacha chuo ni ushujaa, nimewahi kusema hivyo hapa na nilikuwa najipa moyo. Ukweli ni kwamba ukiacha chuo unapoteza kitu hakuna mtu anakwambia. Unapoteza mahali ambapo watu wanatarajia uwe. Hakuna darasa, hakuna kikundi cha kazi, hakuna mtu wa kuuliza mbona kiti chako kiko wazi.

Nilidhani wafuasi watajaza hiyo nafasi. Niko nao elfu 41. Mwaka huu mwezi wa tatu nilianguka vibaya, ndani kabisa. Sikuweka kitu wiki tano. Unajua ni wangapi waliuliza kama niko hai? Mmoja, na alikuwa anataka kunipa dili ya matangazo. Lakini nilikosa Jumamosi moja, moja tu, na simu tatu zikaingia. Nesi alinipigia. Msichana wa sheria akapiga. Wa tatu alikuwa yule mama wa mashati. "Kijana, robo yako ya blanketi iko hapa kwa mfuko. Nimekuwekea." Nilirudi juu ya hiyo sentensi.

Elfu 41 dhidi ya watu 16. Piga hesabu mwenyewe.

Na msiniambie ati unaweza kujifunza yote kwa video. Kukata, ndio. Lakini sheria ya kwanza ya hii kazi ni kwamba kila mshono unaacha robo inchi. Ukizidisha nusu ya hiyo robo kwa kila kipande, hutaona kitu. Ukiunga vipande 12, mstari wako umepungua inchi 1 na nusu na hauungani na wa jirani. Video haitakwambia umekosea. Fundi wa Kawangware atakwambia, mbele ya watu, halafu atakaa na wewe mfumue pamoja. Hapo ndio nilijua tofauti ya kukosolewa na kutukanwa. Mimi nilikuwa nimezoea moja tu.

Tena mjue hii. Hizi blanketi za kisasa, zenye rangi kavu, nafasi kubwa wazi, mistari imepinda makusudi, zina harakati yake. Mwaka wa 2009 huko Los Angeles, watu waliokuwa wanafuatana mtandaoni kwa sababu ya kushona waliamua kutoka kwa skrini wakutane uso kwa uso. Hiyo ndio ikazaa Modern Quilt Guild, na leo ina vikundi nchi nyingi. Watu wa intaneti, kama sisi, waliona intaneti haitoshi. Mwaka wa 2009! Na bado sisi tunabishana.

Sisemi wote mshone. Kama sindano si yako, tafuta kwaya, tafuta timu ya mtaa, tafuta watu wanaorekebisha baiskeli. Lakini iwe na masharti haya: kuna siku ya kukutana, kuna mtu anakuzidi, kuna mtu unamzidi, unatoa kitu kidogo kila mwezi, na usipokuja kiti chako kinaonekana. Kama unachoita "jamii yangu" hakina hata moja ya hizo, hiyo ni hadhira. Hadhira hupiga makofi na kwenda nyumbani.

Na ukienda, acha simu kwa mfuko. Ukitaka kupiga picha, uliza. Uliza kwanza.

Blanketi ya mashati iliisha mwezi uliopita. Mimi ndio nilishona ukingo wa chini, kwa mkono, jioni nne. Sina picha yake, na hata ningekuwa nayo singewawekea hapa.

Jumamosi ya pili iko karibu. Mimi najua mahali nitakuwa. Na wewe uko wapi?