Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Si Wodini

Watu wa pwani tunajisifu kwa methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye sinia la wali haina kosa. Kosa letu ni kuiingiza wodini. Likishuka kundi la madaktari wa kujitolea kutoka Ulaya au Marekani, limekuja kwa wiki mbili katika hospitali ya misheni, mji mzima hushukuru kabla ya kuuliza. Tunaamini kwamba sisi hatuna madaktari, kwamba aliyetoka mbali ndiye ajuaye, na kwamba cha bure hakimgharimu mtu. Yote matatu ni uongo, na kwa mkoa wa Tanga ushahidi uko Muheza.

Hospitali ya Mtakatifu Augustino, ambayo wenyeji wameizoea kwa jina la Teule, ni tunda la misheni ya Waanglikana iliyoanzia Magila katika karne ya 19. Watawa wa Community of the Sacred Passion, shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka 1911, waliuguza watu wa maeneo haya kwa miongo mingi. Walijifunza lugha, wakajua njia za vijijini, na wengine wao uzee uliwakuta hukuhuku. Heshima waliyoichuma kwa jasho hilo ndiyo tunayomvika leo kila anayeshuka garini na begi la mgongoni, hata awe mwanafunzi wa udaktari ambaye kwao haachiwi mgonjwa peke yake.

Tuje kwenye ujuzi. Mtoto analetwa akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, moyo unakwenda mbio. Daktari aliyesomea Ulaya alifundishwa ampe maji mengi kwa dripu, na ampe haraka. Kati ya 2009 na 2011, utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, uliwahusisha watoto 3,141 wa namna hiyo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kituo cha Tanzania kilikuwa Teule. Kwa watoto waliopewa maji kwa kasi, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakupewa kwa kasi, walifariki 7.3 katika kila 100. Tiba iliyoheshimiwa vitabuni ilikuwa inaua katika wodi zilizojaa malaria kali na upungufu wa damu, zisizo na mashine za kusaidia kupumua.

Teule ilikuwa pia miongoni mwa vituo vya utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Ulionyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa watoto kuliko kwinini: vifo vilikuwa 8.5 katika kila 100 kwa artesunate na 10.9 kwa kwinini. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Dk. George Mtove, Mtanzania, ni miongoni mwa waandishi wa tafiti zote mbili. Wageni walikuwamo, tena wengi, lakini walikaa na wenzao wa hapa, wakahesabu, wakasubiri majibu. Sasa mwenye wiki mbili, asiyejua hata kwamba somo hilo lilitoka Muheza, anakuja kumfundisha nani?

Na huo wimbo kwamba hatuna madaktari? Machi 2017 Kenya iliomba Tanzania iipatie madaktari 500. Shauri lilipokwama mahakamani Nairobi, Rais Magufuli aliagiza waliojitokeza na kukidhi sifa, 258, waajiriwe hapahapa nyumbani. Walikuwa wamesoma, wana vyeti, wanasubiri kazi. Kilichokosekana ni mshahara. Hilo halitibiwi kwa mtu wa kujitolea. Linatibiwa kwa bajeti.

Wala kisu si mali ya mgeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali 14 za Mwanza na Kigoma uligundua kuwa zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa uzazi ulifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Miaka hiyo ndiyo vituo vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji na kupewa watumishi wa kudumu. Hakuna msafara wa hisani unaoweza kudai sifa hiyo.

Sasa gharama. Mgeni hajui Kiswahili, kwa hiyo muuguzi mmoja anaondolewa wodini awe mkalimani. Chumba cha upasuaji kinapangwa kwa ratiba ya wageni, na aliyekuwa na zamu yake anasogezwa. Mganga mfawidhi anageuka mwenyeji wa watalii: malazi, usafiri, vibali. Siku ya kumi na tano ndege imeondoka na nyuzi bado hazijatolewa. Kidonda kikitunga usaha, anayeamshwa saa nane za usiku ni tabibu yuleyule ambaye jina lake halikutajwa kwenye hotuba ya shukrani.

Vifaa vinavyoachwa navyo vina hesabu yake. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walipitia orodha za vifaa tiba vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mashine bila fundi na bila vipuri inabaki kuwa mzigo wa stoo. Dawa nazo: tangu 1996 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Anayebeba masalio ya kabati lake hajatoa msaada. Amehamishia takataka zake kwetu.

Ukitaka kuwaona wa kujitolea waliobadili afya ya mkoa huu, tazama mabusha na matende, ugonjwa ulioidhalilisha pwani vizazi na vizazi. Daktari mgeni akipasua mabusha kwa wiki nzima anawafaa wanaume wale, na sipingi. Lakini mbu anabaki na vimelea vinabaki. Kuanzia 2004 mkoa wa Tanga ulianza kugawiwa ivermectin na albendazole, awamu kwa awamu, na waliobeba dawa hizo nyumba kwa nyumba ni wagawa dawa wa vijijini, wanaume na wanawake wanaowajua majirani zao kwa majina. Tafiti zilizofanywa Kirare, karibu na jiji la Tanga, zilionyesha maambukizi yakishuka. Hao hawakupigiwa ngoma uwanja wa ndege.

Mtu ataniuliza: basi unawachukia Wazungu? La. Hoja yangu ni muda na uwajibikaji, wala rangi haimo. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza kuzunguka halmashauri 184 mwaka 2024, ni za Watanzania watupu, na swali langu kwao ni lilelile: wakiondoka baada ya wiki, wamemwachia nani ujuzi? Na mji wa Hereford, Uingereza, ambao umeshikamana na Muheza tangu miaka ya 1980, unaonyesha kwamba mgeni anaweza kuwa mwenzi akirudi kwa watu walewale na kuwasikiliza.

Kwa hiyo bodi za hospitali zetu ziache kupokea kila barua pepe kwa machozi ya furaha. Orodha ya mahitaji itoke kwa mganga mfawidhi, isitoke kwa mgeni. Usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017, uwe umekamilika kabla ya tiketi kununuliwa. Kila upasuaji afanye mwenyeji, mgeni asimame pembeni na kufundisha, na fedha za kuhudumia vidonda ziachwe kabla ya mkasi wa kwanza kushikwa. Anayekasirishwa na masharti haya hakuja kwa ajili ya mgonjwa.