Muhali uliiangusha Georgetown

Muhali si maradhi ya Pwani pekee. Itazameni Georgetown, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kule Washington, alikosomea marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo.

Patrick Ewing aliipa ubingwa wa taifa mwaka 1984 akiwa mchezaji. Mwaka 2017 akakabidhiwa timu, ingawa hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Mwaka 2021 akatwaa kombe la Big East, wanaomtetea wakatamba. Msimu uliofuata akacheza mechi 19 za ligi hiyo, akafungwa zote 19!

Mashabiki wakagawanyika. Kuna waliotaka aondoke, kuna waliosema mtu kama yule hafukuzwi. Hawa wa pili nawaelewa: utamwambiaje aliyekujengea nyumba kwamba hajui kuikarabati? Shabiki ana haki ya kupenda. Mimi nawalaumu wakubwa wa chuo, kwani mwenye kuajiri haruhusiwi kuona muhali. Walimbakisha msimu mwingine, akashinda mechi 7 na kupoteza 25, ndipo Machi 2023 wakamwondoa.

Akaja Ed Cooley, aliyeiongoza Providence miaka 12. Naye msimu wake wa kwanza alishinda mechi 2 tu za ligi.