Plastiki Iliyong'oka na Rangi

Hapa Kampala watu wameanza kuyavika magari yao plastiki. Sisemi tinti ya vioo. Nasema ule utando angavu unaobandikwa juu ya rangi, kwenye boneti, bampa na milango, ili changarawe na mikwaruzo ya bodaboda visiifikie bodi. Wauzaji husema ukishaubandika, rangi yako iko salama maisha. Mimi nagombana na neno hilo "maisha".

Mjomba wangu ni dereva wa teksi ya kukodi. Toyota yake nyekundu ilitumika Japani kabla ya kufika kwetu, kama magari mengi ya Uganda. Alikopa kwenye chama chao cha akiba, akaipeleka karakana moja mjini, ikabandikwa boneti na bampa ya mbele. Mwaka wa kwanza lo! Ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye boneti ile. Mwaka wa tatu utando ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zimeshika vumbi lisilotoka hata kwa mswaki. Akarudi ili ubanduliwe. Fundi alipovuta, plastiki iliondoka na vipande vya rangi vikubwa kama kiganja, ikabaki rangi ya kijivu ya chini.

"Mzee, hilo si kosa letu," fundi akasema. "Gari lako lilikwisha kupigwa rangi upya."

"Mbona hamkuniambia siku mlipopokea pesa?"

Fundi akageuka kutafuta kitambaa.

Swali la mjomba ndilo langu. Rangi ya kiwandani hukaushwa katika tanuri na hushika vizuri. Rangi iliyopulizwa baadaye uani, juu ya bodi isiyosafishwa sawasawa, mara nyingi hushika kwa unyonge, na gundi ya utando ikiishinda nguvu, huinyofoa. Kujua tofauti hakuhitaji uganga. Kipo kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma unene wa rangi. Ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Namba ikiruka mbali juu ya hapo, gari limepigwa rangi tena. Sheria yetu ya 2018 ilikataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo la miaka 14 liliweza kupita mpakani kihalali. Nani ataapa kwamba katika miaka hiyo yote halikugongwa hata mlango mmoja?

Rafiki yangu wa uhandisi ananiambia namlaumu dawa badala ya mganga. Nakubali nusu. Utando mzuri wa poliyurethani una kazi yake. Asili yake ni jeshini, Wamarekani walipotaka kukinga mapanga ya helikopta wakati wa vita vya Vietnam. Unazuia changarawe za barabara ya vumbi. Unazuia pia mavi ya kaloli, na anayeegesha gari chini ya miti ya mji huu anajua ndege hao wanavyounguza rangi. Lakini hata ulio bora una umri. Wenye viwanda wenyewe huudhamini kwa miaka, mara nyingi kati ya 5 na 10, na muda wake ukipita huwa mkavu, hukatikakatika ukivutwa, na gundi hubaki kwenye bodi. Ule wa bei rahisi, wa plastiki ya kawaida, huchakaa mapema zaidi. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, jua linatupiga utosini mwaka mzima, nasi tunauziwa huo wa bei rahisi kwa jina la ule wa ghali.

Tena kuna jambo wauzaji hawaligusi kabisa. Ukifunika boneti peke yake, rangi ya chini hubaki mbichi huku milango ikipauka. Gari la mjomba, pale rangi iliposalimika, lina wekundu wa nyanya mbele na wa tofali ubavuni. Abiria humuuliza kama ameliunga kutoka magari mawili.

Nataka karakana ipime rangi kabla ya kushika pesa, imwonyeshe mwenye gari namba, na iandike kwenye risiti aina ya utando na mwaka wa kuubandua. Atakayekataa kuandika mwaka huo, anajua kwa nini anakataa.

Mwezi uliopita karakana ile ilimpigia mjomba kumwambia kuna utando mpya, punguzo kubwa. Aliwajibu kwa Kiganda, maneno ambayo mhariri wa kitabu hiki hangeyaruhusu. Mkopo wa ule wa kwanza ataumaliza Desemba.