Akihama Mkazi, Nani Huingia?

Katika uwanja wa San Bartolomeo mjini Venice, hatua chache kutoka daraja la Rialto, kuna duka la dawa ambalo tangu 2008 limeweka dirishani kibao cha umeme chenye tarakimu nyekundu. Kibao hicho hakitaji saa wala joto la siku. Kinahesabu wakazi waliobaki katika mji wa kale. Kilipowashwa mara ya kwanza kilionyesha watu zaidi ya 60,000. Agosti 2022 idadi ikashuka chini ya 50,000. Mwaka 1951, mji huohuo ulikuwa na watu wapatao 175,000.

Mwaka 2023 jumuiya ya raia inayofuatilia masuala ya makazi mjini humo, Ocio, ikatoa hesabu nyingine: vitanda vya kulaza watalii vilikuwa vimewapita wakazi kwa idadi. Kwa kila mwenyeji anayelala kwake, kuna kitanda zaidi ya kimoja kinachomngoja mgeni.

Ni rahisi kuzisoma takwimu hizi na kusema watalii wamewafukuza wenyeji. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaruka sehemu muhimu ya historia. Wimbi kubwa la kuhama Venice lilianza miaka ya 1950 na 1960, kabla utalii haujafikia kiwango cha leo. Nyumba nyingi zilikuwa na unyevu, na vyumba vya chini vilikuwa havikaliki maji ya bahari yakijaa. Kazi za viwandani zilikuwa Porto Marghera, ng'ambo ya maji, na jirani na hapo mji wa Mestre ulikuwa ukijengwa maghorofa mapya ambako mtu aliweza kuegesha gari mlangoni. Novemba 1966 maji yakapanda hadi sentimita 194, na familia nyingi za vyumba vya chini hazikurudi tena. Watu hao hawakufukuzwa na watalii: wengine walishindwa na maji, wengine walitafuta maisha mepesi zaidi.

Msomaji wa Zanzibar anaijua hadithi inayofanana na hiyo, ingawa chanzo chake ni kingine kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Kiarabu na Kihindi ziliondoka Mji Mkongwe na nyumba nyingi zikataifishwa. Wakaingizwa watu kutoka mitaa ya Ng'ambo, mashamba na Pemba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja ikabeba familia kadhaa, kila moja na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya shirika. Majengo yaliumia. Mapaa yalivuja, chokaa ikabanduka, boriti za mikoko zikaoza. Ukaguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulihesabu majengo yapatayo 1,700, na mengi yalikutwa katika hali mbaya. Hata hivyo vichochoro vya Kiponda, Malindi na Mkunazini havikupungukiwa na watu. Waliondoka hawa, wakaingia wale, na mji ukaendelea kuwa mji.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo mjadala wa utalii mara nyingi haulifikii. Kila mji hupoteza watu. Vijana huoa na kutafuta nafasi, wazee hufariki, wafanyabiashara hufuata riziki kwingine. Mji hauumizwi na kuondoka huko ikiwa nyuma yao wapo wengine wanaoingia na mizigo yao, watoto wao na nia ya kukaa. Kilichobadilika katika miji ya kitalii ni kwamba nyumba ikishabaki tupu haimpati mkazi mwingine. Inaingia kwenye biashara ya malazi, na ni nadra kutoka humo.

Sababu zake zinaeleweka hata kwa mtu asiye na hila yoyote. Chukua mrithi wa fleti ya bibi yake huko Venice. Akimpangishia familia, mkataba wa kawaida chini ya sheria ya Italia ni wa miaka 4, na kwa kawaida huongezwa miaka 4 mingine. Akija kuihitaji nyumba yake, itambidi asubiri. Akimkaribisha mtalii kwa usiku tatu, kipato chake kwa mwezi kinaweza kuzidi kodi ya mpangaji, na fleti hubaki mikononi mwake. Hana haja ya kuwa mchoyo ili achague njia ya pili.

Mji Mkongwe una mkondo wake, nao hupitia kwenye mirathi. Nyumba ya mawe ya ghorofa tatu haigawanyiki kama shamba la mikarafuu. Warithi wakiwa wengi, mmoja yupo Zanzibar na wengine wako Dar es Salaam, Muscat na London, anayeishi ndani ndiye anayebeba gharama za bomba, paa na umeme, huku kila mmoja akiwa na fungu lake la kisheria. Kuukarabati ukuta wa chokaa kunahitaji mafundi wanaoijua kazi hiyo, na mafundi hao si wengi wala si rahisi. Akija mwekezaji anayetaka kuifanya hoteli ndogo, pesa yake inamaliza mambo mawili kwa siku moja: ukarabati uliowashinda na mgawo uliowagombanisha. Aliyekuwa akiishi humo anachukua fungu lake na kwenda kujenga nje ya Mji Mkongwe, Fuoni, Tomondo au Bububu, ambako atapata uwanja wa kuanikia nguo na mahali pa kuegesha gari. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini nyumba ile imekwisha kutoka katika hesabu ya makazi.

Baada ya nyumba kubadilika, yanafuata mengine. Duka la chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule linaishi kwa wateja wa kila siku. Wakipungua, mwenye chumba hupata kodi kubwa zaidi kwa muuza vinyago na picha za tingatinga. Anayebaki analazimika kutembea hadi soko la Darajani kwa kitu alichokuwa akikipata mlango wa pili. Yapo pia mambo yasiyo na bei. Mtu akifariki katika kichochoro cha Mji Mkongwe, gari halifiki. Jeneza hubebwa mabegani na majirani, wakipokezana kona hadi kona, na baraza zilezile walizokaa wakinywa kahawa ndizo wanazokalia wafiwa. Kazi hiyo inataka wanaume wa mtaa walio karibu. Mgeni wa usiku tatu, hata awe na adabu na ukarimu kiasi gani, hawezi kuitwa kwenda kushika jeneza.

Na mgeni huyo kinachomvuta ni haya haya. Anakuja kusikia adhana ikijibiwa na adhana, kuwaona watoto wakitoka chuoni na juzuu zao, kukuta wazee kwenye kijiwe cha Jaws Corner wakibishana siasa kwa vikombe vya kahawa chungu. Vitu hivyo havikujengwa na Kamisheni ya Utalii. Hutengenezwa kila siku na watu wanaoishi hapo.

Haki inataka upande wa pili nao usemwe, tena kwa uzito wake. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na zaidi ya 736,000 mwaka uliofuata. Wapishi, mabaharia, wachuuzi, watembeza wageni na walimu wanaolipwa kwa kodi ya utalii hawawezi kuambiwa kwamba sekta hii ni balaa. Nyumba kadhaa zilizokuwa zikisubiri kuanguka zimesimama tena kwa sababu zilipata mwenye pesa. Bila biashara hiyo, hadhi ya Urithi wa Dunia ambayo UNESCO iliupa Mji Mkongwe mwaka 2000 ingeweza kubaki kwenye karatasi.

Utafiti nao unaonya dhidi ya kurahisisha mambo. Wanauchumi waliochunguza Barcelona na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020 walikuta kwamba upangishaji kupitia Airbnb uliongeza kodi za nyumba kwa wastani wa asilimia 1.9 tu kwa jiji zima. Katika mitaa iliyosongwa zaidi, ongezeko lilifika asilimia 7. Maana yake ni kwamba ughali wa nyumba una vyanzo vingi, lakini mzigo wa utalii hauenei sawasawa. Unatua mtaa mmoja mmoja, na mitaa hiyo huwa ndiyo ya kale.

Ndiyo maana tiba zinazolenga mji mzima, au zinazomlenga mpita njia, huacha kidonda palepale. Venice ilianza Aprili 25, 2024 kutoza euro 5 kwa wageni wa mchana, katika siku 29 zilizochaguliwa. Zilikusanywa euro zaidi ya milioni 2. Ila anayelala mjini hakutozwa ada hiyo, kwa kuwa analipa kodi ya malazi. Ada ikamgusa anayetembea barabarani, ikaziacha fleti zilizokuwa makazi jinsi zilivyo. Barcelona imechukua njia kali zaidi: Juni 2024 Meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa muda wake utakapokwisha Novemba 2028. Matokeo yake bado hayajaonekana, lakini angalau hatua hiyo inaitazama nyumba yenyewe.

Zanzibar haihitaji kunakili jiji lolote, kwa sababu ina nyenzo ambayo miji mingi ya Ulaya inaitamani. Sehemu ya nyumba za Mji Mkongwe iko mikononi mwa Serikali na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hizo zinaweza kutengwa kwa ajili ya familia, kwa kodi inayolipika, huku ukarabati ukigharimiwa na sehemu ya tozo wanazolipa wageni. Leseni za malazi zinaweza kuwekewa kikomo kwa mtaa, ili Shangani iliyokwisha kujaa isihesabiwe pamoja na Mkunazini yenye nafasi. Mrithi anayetaka kubaki katika nyumba ya wazazi wake anaweza kukopeshwa pesa za kuwanunua ndugu zake, badala ya kuachwa peke yake mbele ya mwekezaji.

Na kila mwezi, serikali inapotangaza idadi ya wageni walioshuka uwanja wa ndege na bandarini, itangaze pia idadi ya nyumba zenye familia katika kila mtaa wa Mji Mkongwe, ngapi zimetoka na ngapi zimerudi. Takwimu hiyo ikianza kusomwa redioni pamoja na ile ya watalii, wawakilishi watakuwa na kitu cha kuhoji bajeti inapofika Barazani.