Karatasi Kwanza, Fundi Baadaye

Mnunuzi wa nyumba wa Dar es Salaam siku hizi si mshamba. Anajua anatakiwa kukagua kabla ya kununua. Anachokosea ni mpangilio: analipia ukaguzi wa nyumba ambayo mwenyewe bado yuko huru kumuuzia mtu yeyote.

Mambo huenda hivi. Dalali anakupeleka kuona nyumba Mbezi au Tabata. Umeipenda. Mwenye nyumba ametaja bei, mmevutana, mmekubaliana milioni 120, mmepeana mikono, soda imeletwa. Hakuna kilichoandikwa. Kwa kuwa wewe ni mtu makini, kesho yake unaanza kuita watu: fundi apande darini, mpima atafute mawe ya mipaka, wakili apeleke maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama unakopa, benki nayo inataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na malipo yake ni juu yako hata mkopo usipotoka. Tuseme vyote hivyo vimekula milioni moja na nusu. Baada ya siku kumi simu inaita: "Bosi wangu, samahani sana, mzee ameshapokea hela ya mtu mwingine."

Milioni moja na nusu imekwenda. Umemnenepesha mbuzi wa jirani. Na usitegemee mahakama. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka makubaliano ya kuuziana yawe kwa maandishi na yawe yamesainiwa na yule unayemdai. Bila hivyo huna cha kumbana nacho. Soda haina saini ya mtu.

Tusiwaonee wenye nyumba. Wengi wao si wezi. Bei nzuri zaidi imekuja, ada ya mtoto imefika, na wewe hukumfunga kwa lolote. Angekusubiri kwa hisani tu, na hisani haijawahi kulipa ada. Lakini wapo pia wajanja. Mjanja anakuacha umalize ukaguzi, anaomba nakala ya ripoti "aione tu", anaziba nyufa ulizogundua, anapaka rangi, kisha anampandishia bei mteja wa pili kwa maelezo kwamba nyumba imeshakaguliwa na mhandisi. Kazi uliyoilipia imekuwa tangazo lake.

Hasara hiyo ina mtoto wake, na mtoto ni mbaya kuliko mama. Mtu akishaunguzwa hivyo mara mbili, nyumba ya tatu anainunua bila kukagua chochote. Anasema hawezi kuendelea kulipa mafundi wa nyumba za watu. Hapo ndipo anaponunua jengo lenye zege lililochanganywa mchanga wa chumvi, nondo zimeshaanza kutu ndani na kuvimba, plasta inadondoka kila mvua. Au anagundua kwamba shimo la maji machafu liko upande wa pili wa mpaka, kwa jirani ambaye hajawahi kuambiwa.

Na hizo ni kasoro za fundi. Za mpima ni nzito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na bonde la Msimbazi liliwaonyesha watu maana yake bomoabomoa ilipofika Desemba 2015. Mwaka 2017 ikawa zamu ya waliojenga ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha. Alama ya X nyekundu ukutani haiulizi nani alijenga na nani alinunua juzi. Mpima angeweza kukuambia hayo kwa asubuhi moja ya kazi, kwa hiyo kumwacha nyumbani ili kuokoa laki kadhaa ni hesabu ya ajabu.

Kwa hiyo ukaguzi ubaki. Kinachotakiwa kusogezwa ni saini.

Andikeni makubaliano ya awali, kurasa mbili zinatosha, kabla hujamwita mtu yeyote wa kulipwa. Yataje nyumba ipi, kiwanja namba ngapi, bei gani, na kishika uchumba kiasi gani, yaani fedha ya awali ya kuonyesha nia. Yaseme kwamba kwa siku 21 mwenye nyumba hatauza kwa mwingine wala kupokea fedha ya mwingine, na kwamba wataalamu wako wataingia, watapanda darini na kufungua chemba bila mtu kununa. Halafu yaseme kitu ambacho watu wetu hawapendi kukiandika kwa kuogopa kuonekana wanatabiri mabaya: itakuwaje ukaguzi ukileta habari mbaya.

Hapa pasifanyiwe ubahili wa maneno. Kasoro ndogo, bei inapunguzwa kwa gharama ya kuitengeneza. Kasoro kubwa, mnunuzi anaondoka na kishika uchumba chake chote. Na neno "kubwa" lipewe kiasi, tuseme matengenezo ya zaidi ya milioni tatu, ili msije mkabishana juu ya ufa. Upekuzi ukionyesha kwamba hati imewekwa rehani au ina zuio ambalo muuzaji hakulisema, gharama za ukaguzi arudishe yeye. Muuzaji akiuza kwingine ndani ya siku hizo, arudishe kishika uchumba pamoja na kila shilingi ya ukaguzi yenye risiti. Mnunuzi akighairi kwa sababu tu moyo umehamia Kigamboni, aache sehemu ya kishika uchumba, maana mwenye nyumba naye amewafukuza wateja wiki tatu kwa ajili yake. Haki iwe ya pande zote mbili, la sivyo hakuna muuzaji mwenye akili atakayesaini.

Risiti tumezitaja makusudi. Fundi anayelipwa mkononi bila karatasi hataweza kukusaidia siku ya kudai.

Kishika uchumba chenyewe kiwe kidogo, na kikae kwa wakili. Kisikae kwa dalali. Dalali anaishi kwa biashara kukamilika, na hilo si kosa lake, ila ndiyo sababu asipewe kushika fedha ambazo huenda zikatakiwa kurudi. Kama nyumba ni ya familia, saini ya mke au mume wa muuzaji iwepo tangu karatasi hii ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na hakuna sababu ya kulipa mhandisi ndipo ugundue kwamba mama mwenye nyumba hajui kama inauzwa.

Sasa onyo, maana kuna wanaokimbia shimo hili na kuangukia jingine. Wanasikia "saini kwanza" na kwenda kusaini mkataba kamili wa mauzo, ule wa kuchapishwa pale steshenari, wenye mstari usemao mnunuzi ameikagua nyumba na ameridhika nayo kama ilivyo. Mstari huo husomwa haraka na kusainiwa haraka zaidi. Ukishauwekea saini, nyufa zote ni zako, na mchwa ni wako. Kama hujakagua, usikubali karatasi iseme umekagua. Karatasi tunayoizungumzia inamfunga muuzaji asikimbie huku ikikuachia wewe mlango wa kutokea wenye masharti yanayoeleweka. Kama mlango huo haumo, rudisha kalamu mfukoni.

Kuna ukaguzi wa kufanya kabla hata ya karatasi hiyo, na haugharimu chochote zaidi ya nauli. Nenda masika, mvua ikiwa inanyesha, si Agosti saa nne asubuhi jua likiwaka. Angalia alama ya maji kwenye ukuta wa jirani. Jiulize kwa nini ukuta mmoja tu ndio umepakwa rangi mpya. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Zungumza na mpangaji, hasa anayehama. Omba kuona risiti za kodi ya pango la ardhi na bili ya maji. Madeni ya zamani yana tabia ya kumfuata mwenye nyumba mpya. Omba nakala ya hati na ulinganishe jina lililomo na kitambulisho cha anayeuza. Nyumba nyingi mbovu zingeondolewa kwenye orodha kwa macho na maswali tu, kabla fundi hajapanda ngazi.

Hata ndani ya zile siku 21 usilipie vyote siku moja. Anza na upekuzi, kwa kuwa ndio rahisi kulipia na ndio unaoweza kuua biashara papo hapo. Ukitoka salama, mwite mpima. Mipaka ikiwa sawa, ndipo mhandisi au fundi mzoefu aje kuangalia msingi, kenchi na zege. Mthamini wa benki mwache mwisho, na usimchanganye na wengine. Ripoti yake inaiambia benki nyumba ina thamani gani, ili ijue itapata nini ikiipiga mnada. Kupapasa nyufa na kusaka mchwa darini kwa niaba yako haikuwa kazi aliyoitiwa.

Tumeshasikia visingizio vyote. Wakili ni ghali: linganisha ada ya kuandika kurasa mbili na milioni moja na nusu ya juu. Mwenye nyumba atakataa: akikataa kuahidi siku 21 kwa maandishi, amekupa ripoti ya ukaguzi bure, isome uondoke. Ni ndugu, tutaonana vibaya: ndugu wengi hawasalimiani leo kwa sababu ya nyumba ambayo hawakuandikiana. Mwenyekiti wa mtaa ameshuhudia: ameshuhudia nini, kama hakuna kilichoandikwa? Na kile cha dalali, kwamba kuna mtu anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu. Huenda yupo. Huyo wa kesho asubuhi ananunua bila kukagua, basi mwache anunue.

Walioko Muscat au Minnesota wanaotuma fedha kwa kaka zao ndio wanaoumia kimyakimya zaidi. Kwao kila ziara ya fundi inalipiwa kwa simu, na kila nyumba iliyoponyoka huja na maelezo marefu ya kifamilia. Karatasi ya makubaliano inawalinda wao, na inamlinda pia kaka mwaminifu ambaye amechoka kushukiwa.

Wala tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Uingereza, pamoja na utajiri wake wa sheria, mnunuzi wa London hulipia ukaguzi na wakili wiki nyingi kabla mikataba haijabadilishwa, na mpaka siku hiyo muuzaji anaweza kumpokea mwenye bei kubwa zaidi. Scotland, ndani ya taifa hilohilo, tangu Desemba 2008 muuzaji ndiye anayetakiwa kuandaa ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kuitangaza sokoni, kwa hiyo ripoti moja inasomwa na wateja wote badala ya kila mteja kulipia yake. Muuzaji wa hapa mwenye nyumba safi anaweza kufanya hivyo bila kungoja sheria. Akiweka mezani upekuzi wa mwezi huu, ramani ya mpima na ripoti ya mhandisi, ana haki ya kukataa kuvutwa bei, na mnunuzi ana haki ya kumpigia simu mhandisi huyo kuhakikisha kwamba ni mtu wa kweli.

Sehemu ya Serikali ni ndogo na haihitaji bajeti. Wizara ya Ardhi ikae na Chama cha Mawakili Tanganyika, watoe fomu moja ya Kiswahili ya makubaliano ya awali, kurasa mbili, na nafasi za kujaza. Ipelekwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, ambako tayari watu huenda kushuhudiwa mauzo. Isichukue nafasi ya wakili kwa anayemmudu. Iwasaidie wale ambao leo wanaondoka na soda tu. Na kwenye fomu hiyo, mstari unaotaja nani atarudisha gharama za fundi muuzaji akibadili nia uchapishwe kwa herufi nene.