Kujikubali si kukubali kila hali

Kuna kauli moja iliyozoeleka miongoni mwa wakazi wa kaskazini mwa nchi hii. Mtu afungapo safari ya kwenda Nairobi, huwaaga wenzake kwa kusema kwamba "anaenda Kenya". Wapo wanaoicheka kauli hiyo. Mwanaisimu hathubutu kuicheka, kwani ndani yake mna historia nzima. Isiolo ilikuwa lango la iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria za wakoloni, ile ya 1902 na nyingine ya 1934, ziliifanya sehemu hiyo kuwa ya kuingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipopatikana, Waraka Nambari 10 wa serikali wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule kulikokuwa na rutuba na mvua. Mtoto wa Burat, hata kama hajausoma waraka huo, amerithi ujumbe wake: kwamba kwao hapana thamani.

Nimetanguliza historia hiyo kwa makusudi. Siku hizi neno "kujikubali" limeenea kila panapozungumzwa afya ya akili, na miongoni mwa waliolivalia njuga ni walimu wa yoga. Mwaka 2007, Mmarekani Paige Elenson alianzisha shirika la Africa Yoga Project jijini Nairobi. Vijana wa mitaa ya mabanda walifunzwa mazoezi hayo ya viungo na pumzi, kisha wakafanywa walimu. Mamia yao wamehitimu, na wamewafunza wenzao bila malipo shuleni, magerezani na mitaani. La kuzingatia ni hili: kijana hakungoja awe mkamilifu ndipo afunze. Alifunza huku akijifunza.

Je, jambo hili lina maana gani kwa Burat, wadi iliyo kando ya mji wa Isiolo, ambako Waturkana, Wasamburu, Waborana na Wameru ni majirani, ambako watu hutegemea mifugo na mashamba ya kunyunyiziwa maji ya Mto Isiolo, na ambako wizi wa mifugo umewahi kumwaga damu?

Tuanze na neno lenyewe. Yoga latokana na mzizi wa Kisanskriti, "yuj", wenye maana ya kuunganisha, kama wafungwavyo maksai kwa nira moja. Katika mafundisho ya Patanjali, mikao ya mwili si hatua ya kwanza bali ya tatu. Yaitangulia maadili, na miongoni mwayo ni "ahimsa", yaani kutodhuru. "Santosha", yaani kuridhika. Na "svadhyaya", yaani kujisoma nafsi. Hapana haja ya kuvuka bahari ili kulielewa hilo la mwisho. Kitenzi "kufunza" kikitiwa kiambishi "ji" huwa "kujifunza". Kwa maana hiyo, Kiswahili chakiri kwamba kila anayejifunza ni mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. "Kujikubali" nako ni vivyo hivyo: mtenda na mtendwa ni yule yule. Hapana serikali, kabila wala mkaguzi awezaye kumfanyia mtu kazi hiyo.

Sasa mfikirie mwalimu kijana anayepangiwa shule ya Burat, naye akauona uhamisho huo kuwa adhabu. Atafunza hesabu na sarufi, lakini wanafunzi watausoma uso wake kabla ya kuusoma ubao. Anayejidharau kwa sababu ya mahali alipo hawezi kuwaheshimu wazaliwa wa mahali hapo. Mwalimu huyo akitenga dakika 10 kila alfajiri, akaketi, akasikiliza pumzi yake, akajaribu mkao, ukamshinda, akajaribu tena bila ya kujitukana, atakuwa amejifunza jambo lisiloandikwa katika mwongozo wa somo lolote. Asiye na subira kwa goti lake mwenyewe, ataipata wapi subira kwa mtoto anayerudia kosa lile lile mara ya saba?

Yamkini wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, watakaohofia kwamba mazoezi haya ni ibada ya dini nyingine. Hofu hiyo isibezwe. Malaysia, baraza la fatwa liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008. Saudia, kwa upande wake, iliyatambua mazoezi hayo kuwa ni mchezo mwaka 2017. Wanazuoni wenyewe hawajakubaliana. Katiba yetu, katika Kifungu cha 32, yalinda uhuru wa dhamiri. Kwa hiyo shule isimlazimishe mtu, na atakayeridhika na swala yake au sala yake asionekane kuwa amepungukiwa na kitu.

Hofu yangu mimi ni nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Nachelea kujikubali kusije kukageuzwa kuwa dawa ya usingizi. Ni rahisi sana kwa mkubwa kumwambia mfugaji avute pumzi na aridhike. Lakini kuridhika na nafsi si kuridhika na kisima kilichokauka. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo kaskazini mwa Kenya, na hapana mkao wa yoga uliomlisha ng'ombe. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji ili maeneo yaliyosahaulika yapate maji, barabara, afya na umeme. Hiyo ni haki ya kudaiwa, wala si sadaka ya kungojewa.

Nionavyo mimi, mambo haya mawili hayapingani. Mwenye kujidunisha huomba. Aliyejikubali hudai, tena bila ya matusi wala bunduki, kwa kuwa hahitaji kumshusha jirani ili yeye apande. Hapo ndipo "ahimsa" ya Wahindi na ujirani mwema wa wazee wetu hukutana.

Walimu wa Burat, na nyinyi wanafunzi mnaojiandaa kuwa walimu, kazi hii i mikononi mwenu kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi wenu atakapokuwa akipanda gari pale Isiolo, na aage kwa kusema kwamba anaenda Nairobi. Kenya ataiacha nyuma yake, nyumbani kwao, na ataikuta tena huko aendako.