Bahari Ikija Juu, Watu wa Dar Wakimbilie Wapi?

Wananchi, jambo hili si la mzaha. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na baada ya zaidi ya saa saba mawimbi yakafika kwetu. Mombasa polisi waliwaondoa watu ufukweni. Hapa Tanzania wengi hawakuwa na habari, na watu wasiopungua 10 walikufa, baadhi yao wakiwa wamekwenda kuogelea tu. Somalia walikufa karibu 300. Sisi tulipona kwa bahati: mawimbi hayakukuta maji yamejaa.

Tangu wakati huo Bahari ya Hindi imewekewa mitambo ya kutoa onyo, na onyo hilo hufika kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vema. Lakini mtu akiambiwa "kimbia", naye hajui akimbilie wapi, amepewa nusu ya msaada.

Wako wanaosema viwanja vya wazi vipo tele, kwa mfano Jangwani, ambako watu wa mji huu wamezoea mikutano mikubwa. Twawauliza: hamkuona mvua za masika zilivyoifanya Jangwani kuwa ziwa mara ngapi? Ile ni njia ya Mto Msimbazi, na mto huo mdomo wake ni baharini. Uwazi wa kiwanja haukifanyi kuwa kimbilio. Kinachotakiwa ni mwinuko, au ghorofa ya zege iliyo imara ambayo ngazi zake hazifungwi kwa kufuli.

Wajapani, ambao hakuna taifa lililojiandaa kuwazidi, walilipia somo hili. Tarehe 11 Machi 2011, huko Unosumai katika mji wa Kamaishi, watu walikimbilia jengo ambalo walilizoea kwa kuwa mazoezi yalifanyiwa humo, ingawa halikuwa kimbilio rasmi la tsunami. Bahari iliwafuata ndani, na zaidi ya 100 walikufa. Miguu huenda ilikozoezwa.

Kwa hiyo twataka halmashauri za pwani zitaje mahali, mtaa kwa mtaa, na zipime mwendo kwa miguu ya bibi kizee na mama mwenye mtoto mgongoni, si kwa gari la mkubwa. Mtu wa Kigamboni aambiwe mapema kwamba njia yake ni ya kuelekea bara huko huko, wala si kurudi kwenye pantoni. Wavuvi wa Kunduchi na wachuuzi wa soko la Feri waulizwe wao wenyewe, maana ndio wajuao ni vichochoro vipi vinapitika na vipi vimezibwa na kuta za matajiri.

Kuta hizo nazo tuna neno nazo. Ardhi ya mwinuko ikishauzwa na kuzungushiwa ukuta, mlinzi wa getini hatafungua siku hiyo. Halmashauri ziitenge sasa, na kila diwani aulizwe mkutanoni: kimbilio la kata yako liko wapi?